Neno Halina Kazi Mpaka Liingie Kwenye Sentensi

Mjadala wa sauti tatu kuhusu nomino na vitenzi vya Kiingereza

Swali ni la kidato cha kwanza: taja aina ya neno lililopigiwa mstari katika sentensi "The farmers water the maize every evening." Mstari uko chini ya "water". Mwanafunzi anaandika kuwa ni nomino, anakosa. Ukimuuliza sababu anayo, tena imenyooka. "Water" ni maji, maji ni kitu, na daftari lake linasema nomino ni jina la mtu, mahali au kitu. Alichofundishwa amekifuata bila kupunguza.

Jibu la namna hii linazua ubishi mkali kati ya watu wanaoishi na Kiingereza kila siku, na ubishi huo nimeupanga hapa kwa sauti tatu. Mwalimu ni mama aliyefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi. Mfasiri ni kijana anayepata riziki kwa kuleta nyaraka za Kiingereza kwenye Kiswahili. Wa tatu ataingia katikati akiwa na shida ambayo wenzake hawakuifikiria. Nami nitasema pale ninapoona pana haja.

MFASIRI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Najua umekuja kumtetea mtoto.

MFASIRI: Kwenye karatasi amekosa, sibishi. Lakini kosa amelipata kwenye fasili aliyokaririshwa. Nomino ni jina la kitu, kitenzi ni neno la kutenda. Basi chukua "explosion". Mlipuko ni tukio, huwezi kuuokota ukauweka mfukoni. Chukua "arrival", "theft", "war". Watu wanatenda hapo, tena kwa nguvu, na yote ni nomino. Geuka upande wa pili: "know", "belong", "contain". Debe lenye mafuta ndani linatenda nini? Limekaa tu. Na "contain" ni kitenzi kamili.

MWALIMU: Umechagua maneno yanayokufaa. Mtoto anayeanza Kiingereza hakutani na "contain". Anakutana na "goat", "boy", "table", "eat", "run", "cry". Kwa maneno hayo fasili yangu inamfikisha. Nina darasa limejaa mpaka dirishani, na wengi wao Kiingereza wanakisikia kwangu tu. Lazima niwape pa kushika siku ya kwanza.

MFASIRI: Hata hayo uliyoyataja hayatulii. "I heard a cry." "He went for a run." Na "table", Mwalimu, kwenye bunge la Uingereza ni kitenzi cha kuwasilisha hoja; ukienda Marekani kitenzi hicho hicho maana yake ni kuiweka hoja kando.

MWALIMU: Hayo atayakuta akishakomaa.

MFASIRI: "Water" ameikuta kidato cha kwanza.

Kuna jambo la kuwekea uzito katika utetezi wa Mwalimu. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma masomo yake karibu yote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengine. Akiingia sekondari mambo yanapinduka: hisabati, baiolojia, jiografia, vyote vinageuka Kiingereza kwa mkupuo. Mwalimu anayepokea darasa hilo Januari anatafuta kitu chochote kitakachokaa kichwani kwa haraka, na fasili yenye maneno machache inakaa. Ninachohoji ni kama inakaa mahali pazuri.

MFASIRI: Nadhani shida inaanzia kwenye namna tulivyozoea kuona. Kiswahili kinaweka alama kwenye neno lenyewe. Mzizi mmoja unakupa mkulima, wakulima, kilimo; ukiuwekea viambishi vingine unapata analima, walilima, wamelimiwa. Hata neno ambalo hujawahi kulisikia, ukikuta limeanza na "wame-" au "hatuta-" unajua ni kitenzi kabla hujajua maana yake. Mtoto wetu amelelewa hivyo. Anafika kwenye "water", anatafuta alama, haoni. Anabaki na maana, na tumemwambia maana ndiyo jibu.

MWALIMU: Usikipambe Kiswahili kupita kiasi. Nikikuandikia ubaoni neno "hesabu", peke yake, utaniambia ni aina gani?

MFASIRI: Inategemea.

MWALIMU: Inategemea, eeh? "Hesabu zangu hazijakaa sawa", hapo ni nomino. "Hesabu hizo fedha kabla hujaondoka", hapo ni kitenzi. "Jibu" ni hivyo hivyo. Hakimu anahukumu, na hukumu inasomwa. Mtu anafahamu jambo, na mgonjwa amepoteza fahamu. Hata kazi yako wewe: unatafsiri, na unachomkabidhi mteja ni tafsiri. Mengi ya maneno haya tuliyapokea kutoka Kiarabu, na hayakuchukua ile "a" ya mwisho ambayo vitenzi vyetu vya Kibantu vinayo. Mtoto mdogo wa Pangani hapotei kwa "hesabu" hata siku moja. Kwa hiyo usiniambie kwamba watoto wetu hawana uzoefu wa neno moja kufanya kazi mbili.

Hoja hii ni nzuri, na nadhani inamsaidia Mfasiri kuliko mwenyewe aliyeitoa. Mtoto wa Pangani hapotei kwa sababu anatazama kilichokaa jirani na neno: "zangu" upande huu, "ana-" upande ule. Hakuna aliyemkalisha akamweleza kwamba hesabu ni kitu au ni tendo. Amejifunza kusikiliza majirani wa neno, na ustadi huo huo ndio Kiingereza kinaudai, isipokuwa Kiingereza kinaudai mara nyingi zaidi. Kitenzi cha Kiswahili, ukiacha amri, hakitoki nje bila kiambishi. "Wanahesabu" inajitambulisha yenyewe. Kitenzi cha Kiingereza kinaweza kusimama bila chochote. "They water", "we work", "you answer": hakuna herufi hata moja inayokuambia kwamba hapa kuna kutenda.

MFASIRI: Zamani ilikuwepo. Kiingereza cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066 kilikuwa na miisho. Maji yalikuwa "wæter", na kumwagilia ilikuwa "wæterian". Jibu lilikuwa "andswaru", na kujibu "andswarian". Upendo "lufu", kupenda "lufian". Hakuna aliyeweza kuchanganya. Halafu ile miisho ikaanza kutamkwa kwa unyonge, karne baada ya karne, mpaka ilipofika mwaka 1500 mingi ilikuwa imekwisha. Jina na tendo vikaanguka kwenye umbo moja: "water", "answer", "love".

MWALIMU: Kwa hiyo Waingereza wamepoteza alama, wakabaki na nini?

MFASIRI: Na mpangilio. Nani ametangulia, nani amefuata. Na yale maneno madogo: "the", "my", "will", "did", "of".

Hapa niongeze habari ya fasili yenyewe ilikotoka, maana inatoa mwanga. Wayunani ndio walioanza kugawa maneno kwa mafungu haya. Kitabu kidogo cha sarufi kinachohusishwa na Dionysius Thrax, aliyeishi karne ya 2 kabla ya Kristo, kilitaja aina nane za maneno. Nomino ilielezwa kwanza kwa umbo: ni neno linalobadilika mwisho wake kulingana na nafasi yake katika sentensi. Ndipo likaja suala la maana, na hapo palitajwa vitu vinavyoshikika pamoja na visivyoshikika. Mfano mmoja ulikuwa jiwe, mwingine elimu. Kitenzi nacho kilielezwa kwa umbo: hakina mabadiliko yale ya nomino, ila kinaonyesha wakati, nafsi na idadi. Sarufi hiyo ikapita kwenye Kilatini, lugha nyingine yenye miisho tele, na mwaka 1586 William Bullokar akachapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa sarufi ya kwanza ya Kiingereza, akifuata mfumo huo wa Kilatini. Lakini kufikia wakati huo miisho ya Kiingereza ilikuwa imeshakatika. Nusu ya fasili inayohusu umbo haikuwa tena na pa kusimama, na kwa karne zilizofuata vitabu vya shule vikaelemea nusu ya maana: jina la kitu, neno la kutenda. Tunachowakaririsha watoto Morogoro na Kisumu ni fasili iliyokatwa upande mmoja.

MFASIRI: Na wapo walioliona hilo. Charles Fries, mtaalamu wa Marekani, alichapisha kitabu mwaka 1952 kilichojengwa juu ya mazungumzo halisi ya simu yaliyorekodiwa. Aliacha kabisa kuuliza neno lina maana gani. Alichukua sentensi yenye pengo, kwa mfano "The ... was good", akauliza ni maneno gani yanaweza kukaa humo. Yanayokaa humo ni kundi moja. Hata majina "nomino" na "kitenzi" aliyakwepa, makundi yake makubwa akayapa namba.

MWALIMU: Namba! Nimwambie mtoto wa kidato cha kwanza "hili ni kundi namba moja"? Atakariri namba badala ya fasili, na hapo tumefanya nini?

MFASIRI: Namba tuziache. Chukua pengo. Watoto wanaweza pengo. Roger Brown alilijaribu hili, akatoa matokeo mwaka 1957. Aliwaonyesha watoto wa chekechea picha ya mikono inayokanda kitu fulani ndani ya chombo, akatumia neno la kubuni, "sib". Mtoto aliyeambiwa "sibbing" alitafuta picha ya mikono ikifanya vile vile. Aliyeambiwa "a sib" alitafuta chombo. Aliyeambiwa "any sib" alitafuta kile kinachokandwa. Neno halina maana, na bado watoto wengi wamejua aina yake kwa jirani yake tu.

MWALIMU: Ngoja hapo hapo. Na baada ya kujua, walionyesha nini? Walionyesha tendo, walionyesha kitu. Kwa hiyo vichwani mwao kitenzi kinakwenda na tendo, na nomino inakwenda na kitu! Utafiti wako umenipa ninachokisema. Fasili yangu imo vichwani mwa watoto hata kabla sijawaingiza darasani.

MFASIRI: Walianza na jirani, wakafika kwenye maana. Wewe unawaanzisha na maana.

MWALIMU: Na wewe unataka waishie kwa jirani.

Utafiti mmoja, na kila mmoja ameondoka na nusu yake. Kwangu mpangilio alioutaja Mfasiri ndio wenye uzito: watoto wale wasingeweza kuanza na maana, kwa kuwa neno lilikuwa halina maana. Lakini Mwalimu naye ametukumbusha kwamba hakuna anayejifunza sarufi kwa ajili ya sarufi. Mtu anatafuta kuelewa kinachosemwa. Na hapo ndipo anapoingia yule wa tatu, mwalimu wa kemia, ambaye alikuwa amekaa pembeni na rundo la karatasi za maabara.

MWALIMU WA KEMIA: Samahani, Madam. Samahani, kaka. Ninyi mnabishana neno liitweje. Mimi nina moto unawaka mezani. Karatasi yangu ya maelekezo inasema: "Heat the solution. Note any change. Record the mass." Ukurasa uliotangulia niliwaandikia: "Heat is a form of energy." Neno lile lile, mwanzo wa sentensi, herufi kubwa ile ile. Mtoto kashajua "heat" ni joto. Anasoma "joto mchanganyiko", anaganda. Wenzake wanawasha, yeye anasubiri mtu amweleze joto la mchanganyiko limefanya nini.

MWALIMU: Hawakuulizi?

MWALIMU WA KEMIA: Wachache. Wengi wanatazama jirani wa mezani anafanya nini, wanaiga. Halafu kuna "Test the gas with a burning splint." Wanaelewa, wanapima gesi kwa kijiti kinachowaka. Sentensi ya chini: "Test tubes should be clean and dry." Kijana mmoja akaanza kupitisha kijiti kwenye mirija, mmoja baada ya mwingine. Anaijaribu, maana karatasi imesema "test", na sentensi ya juu yake imemwonyesha kwamba "test" ni amri.

MFASIRI: Alikuwa anafikiri vizuri sana huyo.

MWALIMU WA KEMIA: Sana. Na ndiyo maana niliumia.

MWALIMU: Lete karatasi. Haya, tazameni. "Heat the solution": baada ya "heat" kumekuja "the". Neno likianza sentensi na papo hapo likafuatwa na "the", "a", "your" au "it", basi karibu kila mara ni amri, yaani kitenzi. "Heat is": limefuatwa na "is". Kitenzi kimeshapatikana mbele, kwa hiyo "heat" ndiye kiima, ni nomino. "Light the burner", amri. "Light travels in straight lines", nomino, kitenzi ni "travels". "Change the water", amri. "Change of state", nomino, maana "of" imemfuata.

MFASIRI: Na "Test tubes should be"?

MWALIMU: Hapo usisimame kwenye neno la pili. Endelea mpaka ukutane na "should". Ukishaipata "should be", kitenzi cha sentensi umekishika, na yote yaliyotangulia ni jina moja lenye maneno mawili. "Filter paper is folded", vile vile.

MFASIRI: Mwalimu, umepita karatasi nzima na hujasema hata mara moja "jina la kitu".

MWALIMU: Kwa sababu hawa wameshakua. Nimekuambia ni la siku ya kwanza.

MWALIMU WA KEMIA: Hawa ndio wa kidato cha kwanza, Madam.

Mwalimu hakujibu, na nisimlazimishe. Alichokifanya kwenye karatasi ile kina nguvu kuliko jibu. Mpaka ajue kazi ya "heat" au "test", msomaji anatakiwa kuvumilia hatua moja au mbili mbele, na uvumilivu huo lazima ufundishwe, kwa sababu msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuwa nao. Kiambishi huja mwanzo wa neno. Ukisoma "wa-" umeshaanza kujua. Kiingereza kinakuambia subiri. Soma "The bus stops" na usimame hapo. Je, basi linasimama, au hivi ni vituo vya basi? Ikifuata "here", basi limesimama. Ikifuata "are", ni vituo. Ile "s" ya mwisho haikusaidii hata kidogo, maana kwenye nomino ni alama ya wingi na kwenye kitenzi ni alama ya umoja: "dogs bark", lakini "the dog barks". Wanafunzi wanaoandika "the dogs barks" wanadhani wingi unatakiwa uonekane kote, kama unavyoonekana kote katika "mikoko imeota". Kwa mantiki ya lugha yao wako sahihi.

MWALIMU: Basi nami nitawapa mitego ya njia yenu. Mmesema majirani. Vitabu vingi vinasema baada ya "to" kuna kitenzi. "I want to eat." Safi. "I go to school"? "School" ni kitenzi hapo?

MFASIRI: Ile "to" ni nyingine.

MWALIMU: Mtoto ataijuaje, na zimeandikwa sawa? Chukua "I am going to work." Naenda kazini, au nitafanya kazi? Mjaribu majirani wote hapo, hawatakujibu. Utahitaji kujua nani anasema, saa ngapi, amevaa nini. Maana imerudi, mwanangu.

MFASIRI: Imerudi, nakubali. Lakini imerudi mwishoni, baada ya majirani kutuachia majibu mawili tu.

MWALIMU: Na miisho? Wanasema "-tion", "-ness", "-ment" ni alama za nomino.

MFASIRI: Kwa "happiness" na "destruction", sawa.

MWALIMU: Na "witness"? "Mention"? "Comment"? Mtu anaweza "to witness", "to mention", "to comment".

MWALIMU WA KEMIA: "Experiment" pia. "We experimented."

MFASIRI: Alama ya mwisho wa neno ni dokezo, na dokezo linaweza kukosea. Na wenye lugha yao hawaachi kuhamisha maneno. Eve Clark na Herbert Clark waliandika makala mwaka 1979 kuhusu nomino zinazogeuzwa vitenzi, wakakusanya zaidi ya 1,000. Mfano wao mmoja ni wa kijana anayerusha gazeti likaangukia kwenye baraza ya nyumba: walitumia "porch", baraza, kama kitenzi, na msomaji anaelewa papo hapo. Siku hizi watu wana "text", wana "email", wana "google". Hakuna orodha itakayowakamata.

MWALIMU: Umesahau sikio. Waingereza wenyewe, jozi kadhaa wanazitenganisha mdomoni. "Record", "permit", "import", "object", "insult": mkazo ukikaa silabi ya kwanza ni nomino, ukikaa ya pili ni kitenzi. "Advice" na "advise" zinatofautiana kwa "s" na "z", na "use" ni hivyo hivyo ingawa maandishi hayabadiliki. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunatamka "record" kwa namna moja daima, na mtoto ananyimwa alama ambayo angeweza kuipata bure.

MWALIMU WA KEMIA: Watausikiaje mkazo, na Kiswahili hakina mchezo huo?

MWALIMU: Kinao! Barabara ya Korogwe, mkazo uko silabi ya tatu. Kazi imefanyika barabara, mkazo umepanda silabi ya pili. Kila mtu hapa anavitofautisha bila kufundishwa. Mimi naanzia hapo. Nawaambia watamke barabara zote mbili mpaka wasikie walichofanya, ndipo nawapa "record".

Sijui njia bora kuliko hiyo ya kuufundisha mkazo wa Kiingereza kwa mtoto wa Kiswahili, na ningependa kuiona kwenye vitabu vya kiada.

MFASIRI: Naomba niseme kwa nini jambo hili linaniuma hata nje ya darasa. Barua za ofisi za Kiingereza zimejaa nomino zilizozaliwa na vitenzi. Tazameni: "Failure to submit the return before the deadline will result in the imposition of a penalty." Ni onyo, na limetengenezwa kwa "failure" na "imposition". Mtu aliyekaririshwa kwamba nomino ni jina la kitu analeta kwenye Kiswahili kitu: "Kushindwa kuwasilisha ritani kabla ya tarehe ya mwisho kutasababisha utozwaji wa faini." Hakuna kosa la sarufi humo. Lakini soma kwa sauti mbele ya mama mwenye duka la nguo pale Kariakoo, uone kama atajua ni yeye anayeambiwa.

MWALIMU: Wewe ungeandikaje?

MFASIRI: "Usipowasilisha ritani kabla ya tarehe ya mwisho, utatozwa faini." Kiingereza kikiligeuza tendo kuwa nomino kinaweza kumficha mtendaji. Kitenzi chetu hakimfichi kirahisi, kinamdai nafsi: u-, a-, wa-. Kwa hiyo nikikutana na nomino kama "imposition" najiuliza nani anafanya nini kwa nani, halafu namrudisha mtu kwenye sentensi.

MWALIMU WA KEMIA: Hata ripoti za maabara wanaandika hivyo. "Uongezekaji wa joto la mchanganyiko ulionekana." Nani aliuona?

MWALIMU: Hilo ni kosa letu sisi walimu wa Kiingereza pia. Tunawasifu wakiandika nomino ndefu.

MFASIRI: Tatizo si nomino yenyewe, Mwalimu. "Arrival" ina kazi yake: ukitaka kusema kufika kwake kulimshangaza baba, unahitaji jina la lile tendo. Na sisi tunalo, "kufika", lenye sura mbili. Linasema "kwake" kama nomino, na linaweza kubeba mtendwa kama kitenzi: "kumsaidia kwako mama." Kiingereza kina "-ing" inayokaribia hapo. "Reading the letter" bado kina kitenzi ndani yake. "The reading of the letter" kimehamia kwenye nomino, kwa "the" mbele na "of" nyuma. Anayeijua "ku-" yetu vizuri anaweza kuielewa "-ing" yao kwa siku moja, mtu akimwonyesha.

Wakafika kwenye suala la kitu gani kiandikwe ubaoni wiki inayofuata, na hapo hawakukubaliana. Mwalimu wa kemia aliomba orodha ya maneno 20 ya maabara, kila neno na aina yake, aibandike ukutani. Mwalimu alikataa orodha ya maneno. Alikubali orodha ya sentensi, mbili mbili, "Heat the water" na "Heat flows from a hot body to a cold one", bila kuandika aina yoyote, wanafunzi wenyewe waseme neno gani la jirani limewaamulia. Mfasiri akataka kila sentensi iwe na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Mwalimu akasema tafsiri itawafanya waache kutazama Kiingereza.

Mimi ningebandika za Mwalimu, tafsiri ningeziacha nyuma ya karatasi. Na ningefuta kwenye mitihani yote swali linaloleta neno peke yake, bila sentensi, na kumtaka mtoto aseme ni nomino au ni kitenzi. Kwa neno kama "work" swali hilo halina jibu. Kamusi yenyewe inaandika yote mawili.

MWALIMU WA KEMIA: Na "filter" ianze ipi, amri au jina?

MWALIMU: Anza na amri. Wakishachuja kwa mikono yao, waonyeshe "filter paper".

MFASIRI: Na kesho yake "the filtering of the mixture".

MWALIMU: Hiyo wiki ya tatu, mwanangu. Usiwakimbize.